Figo Iliyongoja Mazishi ya Babu

Kitu cha kwanza watakachokunyima ni maji. Watakueleza habari za chumvi, maharagwe, ndizi na nyanya, na wewe utaitikia kwa kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza, lakini hayo yote utayazoea. Kiu hutaizoea. Utaota maji. Utasimama karibu na mfereji usikie ndoo ya jirani ikijaa, na utamchukia huyo jirani bure, mtu wa watu hajakukosea kitu. Mimi kulikuwa na mama mmoja hapa kwetu Kaloleni aliyekuwa akisukutua mdomo kila asubuhi mlangoni kwake, halafu anatema. Anatema! Nilikuwa nikimtazama na kusema moyoni, haki ya Mungu huyu mwanamke ana kiburi.

Naandika haya kwa sababu mwaka huu nimeweza kupanda ngazi za hospitali bila kushikwa mkono. Na kwa sababu kila wiki, pale kwenye benchi tunapongojea mashine ya kusafisha damu, naona uso mgeni, umevimba kama ulivyovimba wangu, mwenyewe amekumbatia faili asijue aiweke wapi. Huyo ndiye ninayemwandikia. Jinsi figo zinavyofanya kazi ataelezwa na wenye kazi yao mpaka achoke. Mimi nataka kumwambia habari za watu wake.

Naitwa Akinyi. Nimezaliwa Kaloleni ya Nairobi, kwenye hizi nyumba za mawe za tangu ukoloni, ambamo baba yangu aliingia kwa kazi ya reli, na ndimo ninamoishi hadi leo na mume wangu na binti yetu aliye sekondari. Nilikuwa napika chakula cha mchana kwenye kibanda kule Industrial Area, wali, ugali, sukuma, samaki siku ya Ijumaa, na wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakiniogopa kidogo kwa sababu ya mdomo wangu. Sikuwa mtu wa kuugua. Mafua yakinijia nilikuwa nikiyafokea.

Aliyeona kwanza ni ndugu yangu mdogo. Jina lake ni Omolo, lakini tangu utotoni mtaa mzima unamwita Omosh. Omosh hushona akala na viatu vya ngozi pale soko la Kariokor, na akala zangu zote alizishona yeye. Siku moja nilimpelekea jozi nikimwambia kamba zimekuwa fupi. Akacheka.

"Siz, kamba haziwezi kuwa fupi. Hii ni mpira ya gari. Leta mguu."

Akabonyeza muundi wangu kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Tulilitazama sote wawili, na Omosh hakucheka tena. Alinifungia kibanda chake saa ileile akanipeleka hospitali.

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Mvua ndefu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, na kabla hazijaisha nilikuwa na mpira wa kupitishia damu shingoni, mate yenye ladha ya chuma, ngozi imekuwa nyeusi ya majivu, na mwasho usiokuwa na pa kukunia. Mara mbili kwa wiki nilikaa kwenye kiti kile damu yangu ikizunguka nje ya mwili. Ukitoka hapo unajisikia umefuliwa na kukamuliwa. Mume wangu alikuwa akinisubiri nje na sweta, hata kukiwa na jua, kwa sababu nilikuwa natoka nikitetemeka.

Kiti cha pili kilikuwa cha Mama Shiro, muuza mboga wa Mukuru kwa Njenga. Yeye ndiye aliyenifundisha kugandisha maji kwenye vibonge vidogo na kumumunya kimoja kimoja badala ya kunywa. "Maji ukimeza yanaisha," aliniambia. "Hii unaitesa polepole." Hakuna daktari aliyenisaidia kuliko hicho kibonge cha barafu. Ukitoka na kitu kimoja tu katika maneno yangu, toka na hicho.

Walipoanza kuulizia mtu wa kunipa figo, mume wangu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, wakampima wakakuta ana presha ya kutisha kuliko yangu. Binamu zangu walikuwa na shughuli, kila mmoja na yake. Omosh hakuulizwa hata. Alikuja mwenyewe nikiwa kwenye mashine, akanyanyua fulana yake mbele ya wagonjwa wote, akajipiga ubavuni.

"Chukua moja, siz. Kwani mimi nafanyia nini mbili? Sina hata bibi."

Wagonjwa wakacheka. Mama Shiro akamwambia figo ikinikataa mimi, hata yeye yupo. Wakampima Omosh wiki baada ya wiki, akavumilia sindano zao zote, na mwishowe daktari akasema tunafaa, damu kwa damu, kila kitu. Tukapangiwa kupasuliwa baada ya mvua, baridi ikiingia. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikapika chapati, mimi ambaye sikuwa nimeshika unga tangu niugue. Omosh alikula nyingi akisema anailisha figo yangu.

Halafu tukafanya heshima. Tukaenda kumwambia baba mdogo.

Baba mdogo Ouma ni mdogo wa marehemu baba, mzee mwenye sauti nzito, amefanya kazi kiwanda cha nyuzi mpaka kustaafu, na nyumba yake iko safu ya pili kutoka yetu. Bila yeye kwetu hakuna harusi wala matanga. Alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akamtazama Omosh, mimi hakunitazama hata kidogo.

"Nimemwota mzee," alisema. "Mara tatu sasa. Amesimama mlangoni, nguo zinadondosha maji, haingii. Huyu kijana ana jina lake. Mwenye jina hana kaburi, na nyinyi mnataka kumpasua huyu. Mkimfungua, mnajua mnamfungulia nani?"

"Baba mdogo," nikasema, "tarehe imeshapangwa."

"Nyara," akaniambia kwa upole, maana yake binti yangu, "mzee azikwe kwanza. Hata wewe ugonjwa wako unatoka hapo. Kiu hiyo yote unadhani ni ya nani?"

Hiyo ya kiu ilinichoma, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeiwaza.

Lazima nikueleze huyu mzee ni nani. Ni babu yetu, Omolo wa kwanza, aliyechukuliwa na Keya wakati wa vita vya pili vya dunia. Keya ndilo jina la wale askari Waafrika wa mfalme wa Uingereza. Habari zake nilizipata kwa dani, ndivyo tunavyomwita mama wa baba kwetu, nikiwa msichana, tukichambua mboga mlangoni. Dani hakuwahi kuona bahari, lakini alikuwa akiisimulia kama mtu aliyeibiwa nayo.

Safari ya kwanza walipakiwa meli Mombasa wakapelekwa kisiwa cha Madagaska kupigana na Wafaransa. Walishushwa wakaingia ufukweni na maji kiunoni, bunduki juu ya kichwa. Babu alisema risasi hazikuwa nyingi kama magogo. Wafaransa walikuwa wamekata miti na kupanga mawe barabarani, kizuizi baada ya kizuizi, kisiwa kizima, na askari wetu wakawa wanaburuta magogo kuliko kupiga vita. Ukiondoa gogo, mbele kuna gogo. Malaria ikawaangusha wengi kuliko bunduki. Babu alirudi likizo amekonda, ana koti moja la kijeshi na hasira nyingi, na alipomaliza likizo dani alimwomba ajifiche kwa wajomba. Akakataa. Alisema wakimkosa watamchukua mdogo wake.

Safari ya pili walikuwa wanapelekwa huko Asia kupigana na Wajapani. Msafara wa meli, na manowari zikiwalinda ubavuni. Mbele kabisa, karibu na visiwa vya upande wa Bara Hindi, nyambizi ya Wajapani ikaipiga meli yao. Meli ikazama kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Waliokuwa chini walikwenda nayo. Lakini babu alitoka. Hilo dani alilirudia kila mara, alitoka! Alikuwa mtoto wa ziwani, kuogelea alijua. Askari mmoja wa kwao aliyekuwa naye ndiye aliyekuja baadaye kumweleza dani. Alimwona Omolo anaelea, ameshika ubao, anawaita wengine waje washike, na manowari zinakuja moja kwa moja kuelekea walipo, na wao majini wakashangilia kwamba wanaokolewa.

Hazikusimama. Nyambizi ilikuwa imejificha chini kabisa ya hao hao watu waliokuwa wakielea. Manowari zikapita katikati yao zikiangusha mabomu majini, zikageuka, zikaangusha tena. Yule askari alisema alihisi maji yanamgonga tumboni kama mlango. Alipofumbua macho, ule ubao ulikuwepo, watu hawakuwepo.

Dani alingoja. Baadaye, kwa desturi yetu, alirithiwa na mwanaume mwingine wa ukoo, si ndugu wa babu wa tumbo moja, mtu wa mbali tu. Akamzalia watoto, baba yangu wa kwanza, baba mdogo Ouma wa mwisho. Na kwa desturi hiyohiyo hao wote ni watoto wa Omolo aliyezama. Jina ni lake, boma ni lake. Kila mtu kwetu anajua hivyo na hakuna anayelisema kwa sauti.

Na mtu aliyepotea bila mwili kwetu huzikwa kwa yago, lile tunda refu zito la mwegea. Linazikwa badala yake kama mtu, kwa kilio na kila kitu. Babu alipaswa kuzikwa hivyo miaka hiyohiyo, lakini dani alikataa katakata alipokuwa hai. Alisema hatazika tunda wakati mumewe alijua kuogelea.

Nilisema sawa. Nilijua kulumbana na baba mdogo ni kupoteza nguvu nisizokuwa nazo, na nilifikiri, tunda ni tunda, tutalizika Jumamosi moja na mambo yaishe. Daktari akakubali kusogeza tarehe kidogo. Kumbe sikuwajua watu wangu! Wakaunda kamati. Kamati ya mazishi, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mikutano kila Jumapili kwenye ukumbi wa Kaloleni. Wakagundua huwezi kumzika mwanaume kwenye boma ambalo nyumba ya mke wake imeanguka, na nyumba ya dani kule nyumbani Siaya ilianguka zamani. Basi ijengwe kwanza. Ikijengwa, nani atangulie kulala humo? Baridi ikaja na kupita. Tarehe ya hospitali ikasogezwa tena, na safari hii daktari hakutabasamu.

Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya ukumbi ule na mpira shingoni nimeufunika kwa leso, nikiwasikiliza wakibishana juu ya ng'ombe wa kuchinja. Jumapili moja nikasimama. Mume wangu alinivuta sketi, nikamtoa mkono.

"Mimi nauliza," nikasema. "Figo inataka damu, haitaki jina. Na hapa ndani hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mzee Omolo. Baba mdogo, wewe ulizaliwa mzee ana miaka mingapi chini ya maji?"

Mke wa baba mdogo akaweka mikono kichwani, "Yaye! Yaye, Akinyi!" Baba mdogo hakuwaka. Aliinuka polepole akachukua kofia yake akatoka, na watu wakamfuata, na mkutano ukaahirishwa hadi nitakaporudi na kuku kuomba radhi. Sikutaka kuomba radhi na sitaki hadi leo, nilisema kweli tupu. Aliyekwenda na kuku ni Omosh, kwa niaba yangu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiitaka ile figo imtoke yeye iniingie mimi, alinyenyekea mahali ambapo mimi sikuweza.

Katika ule muda Mama Shiro aliniuliza, "Kwani hiyo figo ni ya babu yenu ama ni ya Omosh?" Nilicheka mpaka sista akaja kutazama mashine yangu.

Mazishi yalifika wakati wa mvua za vuli. Sasa sikiliza kilichonimaliza. Kamati ilitaka fulana, maana siku hizi hakuna mazishi bila fulana zenye picha ya marehemu. Na picha ya babu haikuwepo, hakuna aliyewahi kumpiga hata moja. Wakakaa, wakawaza, mmoja wao mwenye akili nyingi akasema, si tuna Omosh? Ana jina lake, sura ya jina ni ileile. Wakapeleka picha ya Omosh mjini, kijana wa kompyuta akamvisha kofia ya askari, na chini wakaandika: Pumzika kwa amani, Omolo.

Mabunda ya fulana yalipofunguliwa Kaloleni, kina mama wa mtaa waliokuwa hawajui habari walipiga mayowe. Watu walimpigia Omosh simu kuuliza kama ni kweli amekufa, na yeye ndiye aliyepokea. Kwanza alifanya mzaha. "Niaje, hapa ni mbinguni, unataka kuongea na nani?" Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwajibu. Baadaye aliacha kupokea.

Nilisafiri kwenda Siaya siku moja na kurudi, katikati ya mashine na mashine, miguu imejaa kama magunia. Boma lilikuwa jeupe kwa fulana. Mamia ya Omosh wamevaa kofia, wengine wamekaa, wengine wanakula, wengine wanalia. Wanawake walikuja wakikimbia kutoka langoni kama inavyotakiwa wakiita, "Omolo! Omolo, umetuacha na nani!" Na Omosh mwenyewe, mwenye jina, ndiye aliyepewa kazi ya kwenda kulichuma yago, kulifunga kwenye blanketi, na kulilaza kwenye jeneza. Jeneza walilichonga la mtu mzima. Yago hata liwe refu namna gani si mtu mzima. Walipokuwa wanalishusha kaburini kamba moja ikatangulia, jeneza likainama, na lile tunda likabingirika ndani likagonga mbao. Du! Halafu tena, du!

Watu walirudi nyuma. Mchungaji alisimama na Biblia wazi asisome. Mimi nilimtazama Omosh upande wa pili wa shimo, na uso wake ulikuwa umekauka kabisa, na mbele yake, nyuma yake, kushoto kwake, uso uleule umevaa kofia unamtazama.

Nilirudi Nairobi nikimpigia simu daktari. Omosh hakurudi na sisi. Aliporudi hakuja. Nilimngoja wiki, nikamngoja tena, mwishowe nikamfuata Kariokor. Nilimkuta amekaa katikati ya ngozi zake, kisu mkononi, hakati kitu.

"Omosh. Daktari anataka siku."

"Siz, uliskia ikigonga?"

"Ni tunda, Omosh."

"Najua ni tunda. Nililichuma mimi." Aliweka kisu chini. "Nikilala kwa ile meza, wakinidunga ile dawa ya usingizi, nani ataamka? Omolo ameshazikwa. Watu wamelia, ng'ombe imeliwa. Hata wewe ulilia, nilikuona."

"Nililia mimi mwenyewe, mjinga wewe! Nililia kiu! Nililia kwa sababu nimechoka!"

"Siwezi, siz," alisema. "Kabla ya hiyo stori yote ningeweza. Ungenichukua siku ile ile ya chapati ningeenda nikiimba. Saa hii siwezi."

Nilimwita mwoga mbele ya soko zima. Nilimwita mengine pia ambayo siyaandiki. Wauza viatu waliinamisha vichwa kwenye kazi zao. Kwenda nyumbani nilitembea kwa miguu hiyo mibovu, na njiani nikawa namwaza yule mzee majini anavyozishangilia manowari. Ni hivyo hivyo, nikasema. Waliokuja kuniokoa walikuwa na haraka na kitu kilicho chini yangu.

Kuna watakaosema mwili ni wake. Ndiyo, ni wake, na figo ni zake zote mbili, na hakuna sheria ya Mungu wala ya serikali inayomlazimisha. Hilo nalijua na silibishi. Lakini alikuwa ameshasema ndiyo. Alisema mwenyewe bila kuombwa, fulana juu, anacheka. Hiyo ndiyo waliyoniharibia, wakaniharibia kwa upendo, wakiniombea kila kikao kikianza. Wewe uliye kwenye benchi, ukipata mtu akakwambia ndiyo, mshukuru, mpikie, halafu mpeleke kwa daktari. Usimpeleke mbele ya ukoo. Ukoo mtauambia mkitoka wodini, na wakinuna watanuna ukiwa hai.

Joto la Januari lilinikuta vibaya. Ule mpira wa shingoni uliingia uchafu, nikapandwa na homa ya kutetemesha kitanda, nikalazwa. Huko wodini maji yalinijaa mpaka kwenye mapafu, nikawa nalala nimekaa, nikivuta hewa kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Mume wangu alikonda kunishinda. Binti yangu alikuja akasimama mlangoni pa wodi hakunijua, akaenda kitanda cha jirani. Nilimwita kwa jina, na nilivyoona anavyogeuka nilitamani nisingemwita.

Nilitoka humo, wacha nisikufiche, kwa sababu ya sista mmoja mkali aliyekuwa akinigombeza kuliko mama mzazi. Walinitengenezea mshipa wa kuunganishia mashine kwenye mkono, huu hapa, ukiweka sikio unanguruma, na mpira wa shingoni ukaondoka. Mashine ikaanza kunikubali. Uvimbe ukashuka, nikaona tena mifupa ya miguu yangu. Niliporudi kwenye chumba chetu, kiti cha Mama Shiro kilikuwa na mzee mmoja mgeni, na hakuna aliyeniambia kitu wala sikuuliza. Nilimumunya barafu yangu nikitazama ukutani.

Basi mvua ndefu zilipokaribia tena, daktari wetu, msichana mdogo anayezungumza taratibu, alivuta kiti akakaa. Ukiona daktari anavuta kiti, jikaze. Aliniambia moyo umepanuka katika ule muda wa kungoja na ile homa. Alisema hautastahimili kupasuliwa, si mwaka huu, na kwa anavyouona si mwaka mwingine wowote. Mashine nitaendelea nayo, watu huishi nayo miaka mingi. Figo hapana. Nikamuuliza, ningekuja ile tarehe ya kwanza? Akatazama mikono yake. "Mama, ile tarehe ulikuwa na moyo mzuri sana."

Jumapili iliyofuata Omosh alikuja. Alikuwa ametoka kanisani, shati jeupe limepigwa pasi, ameniletea sketi ya ngozi aliyoshona mwenyewe, kiuno amekikadiria kwa macho. Tulikuwa hatujasalimiana tangu siku ile ya Kariokor. Alisimama katikati ya sebule kama mtoto anayetaka kusoma shairi.

"Siz, niko tayari," alisema. "Nimefunga, nimeomba, nimeongea na pasta. Sijalala vizuri tangu ulazwe. Waambie wapange siku. Hata kesho. Sirudi nyuma tena, nakuapia."

Mume wangu alinitazama. Yeye alijua tayari. Nilimwambia Omosh aketi, hakuketi. Basi nikamwambia akiwa amesimama vilevile, moyo wangu umekataa, daktari ameshafunga hilo jambo, hapasuliwi mtu tena, si mimi, si yeye.

Alilia. Sitamwonea kwa kuficha hilo. Alilia kwa sauti, akapiga magoti, akanishika miguu akiitazama kama alivyoitazama siku ile aliponibonyeza kidole, mpaka mume wangu akamwinua akamtoa nje wakatembee. Majirani wote wanasema hawajawahi kuona mwanaume akimlilia dada yake namna ile.

Lakini kabla ya kulia alishusha pumzi. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko mume wangu, nilisikia. Pumzi ndefu, kutoka chini kabisa, mabega yakashuka nayo, ya mtu aliyetua gunia mgongoni. Ilimtoka kabla hajajua. Halafu ndipo uso ukavunjika.

Baba mdogo nimemwachia Mungu. Omosh nimemsamehe kuogopa, maana ningekuwa mimi na uso wangu kwenye fulana zile labda ningekimbia mbali zaidi. Kunikatalia nimemsamehe, na kuchelewa pia. Ile pumzi sijaweza. Kila Jumanne hunisindikiza kwenye mashine, hunibebea mkoba, hunipasulia barafu, hukaa na mimi mpaka mwisho akinipa umbea wa Kariokor. Mimi namjibu, nacheka panapochekesha, na wakati wote huo nasikiliza anavyopumua.